Mguu wa Fedha wa Mama

Tshaaa! Sauti hiyo bado ninayo masikioni: mafuta ya moto yakimwagika kwenye saruji. Mama alikuwa akikaanga vitumbua vya kuuza, mbabula, yaani jiko letu la makaa, ikapinduka, mafuta yakamuunguza mguu mmoja kuanzia goti hadi kifundo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alitupatia pomada nyeupe ya kupaka.

"Iko na argent ndani, fedha kama ya pete. Inauaka mikrobe, vijidudu. Zikiingia mu kidonda, anaweza poteza muguu."

Mama, meno ameyauma, akamgeukia baba. "Unasikia, papa? Ku ndoa ulinipa pete ya shaba. Leo niko na muguu muzima ya fedha!"

Kupaka na kufunga ikawa kazi yangu. Siku ya tatu, Jumapili, bandeji ilikuwa imeteleza kidogo. Pale ukingoni pomada imegeuka kijivu.

Baba alichagua mawe ya madini mgodini Kambove miaka mingi, kwa macho tu. Akainama, akatazama.

"Inaoza. Rangi haisemake uongo. Leta maji ya chumvi, tuoshe, tuitoshe yote. Na iyo dawa, tupa."

"Papa, ngoja basi mpaka mangaribi," nikamwomba.

"Ningoje nini? Muguu ianguke?"

Kituo kilikuwa kimefungwa. Nami nilikumbuka kwamba mama alishinda mlangoni juzi na jana, mguu ameunyoosha juani, akipiga soga na majirani. Nikapaka pomada kwenye sahani, nikafunika nusu kwa kifuniko cha kopo la maziwa, nikaiweka uani.

Saa kumi nikampelekea baba. Chini ya kifuniko, nyeupe. Upande wa jua, kijivu kilekile. Akaigeuza sahani kama anavyogeuza jiwe, akainusa.

"Apa hakuna nyama ya kuoza, papa."

"Hakuna." Akanirudishia sahani. "Enda ufunge muguu ya mama yako. Ufunike muzuri."

Jumatatu muuguzi aliosha pomada ya zamani. Chini yake ngozi changa ilikuwa imeanza kuota, safi. "Ni mwangaza tu njo inaigeuzaka rangi," akasema.

Wiki kadhaa baadaye mama alisharudi kwenye vitumbua vyake, na pomada imekwisha. Siku moja nilibaki peke yangu nyumbani. Nikaupasua mrija wa pomada kwa wembe, nikakwangua kilichobakia, nikajichorea pete kidoleni, nikakaa juani kuingoja ibadilike rangi.