Masizi Kwenye Nati ya Spea

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu kando kidogo. Mimi sikusoma sana, nilifika darasa la pili tu. Mkipata neno limekaa vibaya, lirukeni, muendelee.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alilala chini ya pikapu yake hapa nyumbani Kapsoit, miguu tu ndiyo ilionekana. Tairi ya spea ilikuwa imekataa kutoka. Wenzake walikuwa wakimcheka, naye akitukana chuma. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikichagua maharagwe. Niliposikia ile nyundo ikigonga nati, ko! ko! ko!, niliacha ungo hapo hapo nikaingia ndani. Walifikiri ni mgongo umenishika. Haikuwa mgongo.

Katika miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo, tulikaa karibu na Kapkatet. Baba alikuwa na duka, na pikapu nzee ambayo mzungu mmoja wa shamba la chai alikuwa amechoka nayo. Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu, na upepo ukitoka upande wa kiwanda ulileta harufu ya majani ya chai yakikaushwa. Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama wa baba, alikuwa ameshaamka zamani. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua nacho ndani ya kibuyu mpaka kikawa cheusi, kisha akamimina maziwa yalale humo yawe mursik. Hamjui mursik nyinyi. Ile mnayonunua kwa chupa ya plastiki ni maziwa yaliyoharibika tu.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kazi. Kwanza nilipaka sakafu mavi ya ng'ombe na majivu, funza wasituingie vidoleni. Kisha nilitambaa chini ya pikapu. Tairi ya spea ililala huko chini kwenye chuma kama kitanda, na chuma hicho kilishikwa na nati moja kubwa. Baba alinipa mkebe wa mafuta ya kondoo niipake ile nati, kwa sababu grisi ilikuwa shida kupata, na mkono wangu mdogo ulifika vizuri. Alikuwa akisema, "Nati ni kama ng'ombe. Usipoishika kila wiki, siku ukiihitaji itakupiga teke."

Sasa nisikilizeni. Jumapili tulikwenda kanisani, na wasichana wa huko walicheka mtu mwenye miguu ya majivu. "Wewe, umetembea kwenye jiko?" Mimi nikaanza kujipaka yale mafuta miguuni, kidogo kidogo, mpaka mkebe ukabaki mtupu kabla ya kazi. Nikafanya nini? Nilikwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na mavi laini niliyobakisha sakafuni, na majivu kidogo, nikaipaka nati. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kama grisi ya gereji. Baba aliinama, akagusa kwa kidole, kidole kikawa cheusi. "Vizuri," akasema. Nikafanya hivyo msimu mzima wa mvua. Miguu yangu iling'aa kama kioo.

Kogo alikuwa na dada mkubwa aliyeolewa Chepilat. Siku moja ya hasira, zamani kabla sijazaliwa, yule dada alimwambia, "Usinywe tena maziwa ya nyumba yangu." Kwetu Kipsigis hilo si neno la kuchezea. Mkubwa akikutamkia hivyo, ni yeye tu anayeweza kuliondoa, kwa mdomo wake mwenyewe. Mnywe kibuyu kimoja, akutemee mate ya baraka, basi yamekwisha. Akifa bila kuliondoa, unabaki nalo.

Asubuhi moja mtu akaja mbio kutoka Chepilat. Dada ya Kogo ni mgonjwa sana, na anamwita. Kogo hakulia. Alichukua kibuyu cha mursik, akakifunga kwa shuka, akaingia ndani ya pikapu. Mimi nilichukuliwa nikishike kibuyu njia ikiwa mbaya.

Tulipopita Sotik, tairi ya nyuma ikapasuka. Baba hata hakukasirika. "Dakika tano, mama," akasema, akaweka jeki, akaingia chini na spana. Nikasikia akivuta pumzi. Nikasikia spana ikiteleza. Kisha nyundo: ko! ko! ko!

Lori la mahindi likasimama. Dereva akatoa kichwa. "Mzee! Hiyo nati umeifunga ama umeioa?"

"Endelea na safari yako," baba akajibu kutoka chini.

"Si ugomvi. Mimi napita Chepilat. Wacha huyu mama mzee apande hapa mbele."

Kogo akashuka na kuinama, akachungulia chini ya gari. "Mwanangu, itatoka?"

"Itatoka, mama. Hii niliipaka mafuta kila wiki. Ni sasa hivi tu. Utapandaje lori la magunia kama mtu asiye na mtoto?"

Nilijua haitoki. Nilijua kilichokuwa pale. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: Kogo, panda, haitatoka. Lakini baba alikuwa na kiboko cha ngozi ya kiboko nyuma ya mlango wa duka, na mimi niliwaza miguu yangu. Nikakumbatia kibuyu, nikanyamaza. Kogo akamwamini mtoto wake. Lori likaondoka.

Mvua ikatukuta hapo. Baba aligonga mpaka vidole vikachubuka, mwishowe akaikata nati kwa patasi. Alipotoka chini alikuwa ameshika kipande chake, kimeliwa na kutu, na kile kitu cheusi kimekauka juu yake kama udongo wa ukuta. Akakinusa. Nikafunga macho. Akasema, "Mafuta yangu ni mabaya. Ni mimi nimewachelewesha."

Chepilat watu walikuwa wamesimama nje wametulia. Binti wa marehemu akaja akamshika Kogo mikono. "Mama mdogo, alikuulizia mara tatu. Mvua ilipoanza, akanyamaza."

Kogo aliomba kibuyu chake. Nikampa. Alikaa nacho mapajani mpaka tukarudi nacho nyumbani, kimejaa vile vile.

Tangu siku hiyo hakunywa tena maziwa, ya nyumba yoyote. Alitukamulia, alitutengenezea mursik, alitukaripia tukiimwaga, lakini yeye mwenyewe alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, katika nchi ambayo hata mpita njia hapewi strungi. Na kila alipoinua kikombe hicho, baba aliangalia chini. Alimwomba mama yake msamaha mara nyingi, mimi nikiwa hapo hapo nikiosha vyombo. "Si wewe, mwanangu," Kogo alikuwa akimjibu. Wote wawili wamekufa bila kujua ni nani.

Sasa kila kitu cha siku zile kimekwisha. Chai inakatwa kwa mashine, vibuyu vinauzwa kwa watalii, pikapu ya baba ililaliwa na kuku mpaka ikageuka kutu. Hakuna aliyebaki ambaye ningeweza kumwendea nikamwambia ni mimi. Kwa hiyo nawaambia nyinyi, na kuwaambia nyinyi hakunisaidii sana.

Mjukuu wangu alipomaliza na tairi yake, niliwaita wote jikoni, wakubwa na wadogo, nikawaambia: "Katika nyumba hii, mtu akiharibu kitu, aseme saa hiyo hiyo, hata mbele ya wageni. Atakayesema, hakuna mtu atamgusa. Nimemaliza. Nendeni mkakamue."