Misiba Mitatu Niliyoikimbia

Kijijini kwetu, njia ya kwenda Mhunze, ukikosa kwenye misiba unatengwa. Hakuna polisi wala kesi. Watu wanaacha tu kukusalimia.

Mimi nilikosa mitatu. Nilikuwa Geita kwenye maduara, nachimba dhahabu. Nilichimba bwana, kidogo tu nitokee upande wa pili wa dunia. Dhahabu sikuiona. Nikarudi na maumivu ya mgongo.

Nikamwamkia jirani, "Shikamoo." Akageukia mbuzi wake, akamwuliza mbuzi kaamkaje. Mashineni wakasema hawasagi leo, na huku injini inanguruma. Mke wangu akawa anabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha tatu. Hata mbwa wetu, nakuapia, mbwa wenzake walimkalia kimya.

Mimi ningevumilia, ngozi yangu ya kifaru. Lakini mama yangu alikuwa kalala ndani, anaumwa, chakula hataki. Siku moja akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi naondoka. Nani atanichimbia kaburi? Wewe na mkeo?"

Nikaenda kwenye kikao cha kitongoji. Nikaanza kama kawaida yangu: nilifukiwa na kifusi siku nne, nikaishi kwa kulamba mawe. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Umekuja kuomba msamaha au kutuchekesha? Shimo la dhahabu unachimba, kaburi la mwenzako mgongo unauma. Nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata nikarudi. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Nimekosa," nikasema. "Kifusi hakikuwepo. Simu za misiba nilizipokea zote. Kila siku nilijua kesho nitapata, basi nikabaki."

Mjane mmoja, ambaye mumewe alizikwa mimi nikiwa duarani, akasema, "Sasa leo umeongea, baba."

Adhabu ya kwetu ni kuchinja beberu na kupikia kijiji kizima. Yule mjane akawaambia, "Beberu atamtoa wapi huyu? Suruali yenyewe inamkimbia. Aende akapige magoti kwenye nyumba tatu zilizofiwa, na msiba ujao awe wa kwanza kushika jembe."

Wakakubali. Nikapiga magoti, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jioni hiyo akina mama wakaja kumjulia hali mama yangu. Akaomba uji.

Msiba uliofuata ukawa wake.

Kumekucha nikabeba jembe, ahadi ni ahadi. Nimechimba kama futi mbili, macho hayaoni vizuri, mwenyekiti akanishika mkono.

"Toka. Mfiwa hachimbi."

"Lakini nilisema msiba ujao..."

"Huu hauhesabiki. Utachimba unaokuja. Kakae."

Nikaenda kukaa. Wanaume wakaingia kazini, wanapokezana, hakuna aliyenitazama vibaya. Kwa kawaida ningekwambia walikuja elfu moja, lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kuongeza. Walikuwa kama arobaini.

Walitosha.