Siku Niliyouza Newala Mbele ya Mjomba

Chekeni tu, maana hata nikiwakataza mtacheka, na aibu yenyewe ilishapanda kutoka Masasi mpaka Newala bila kuhitaji nauli. Ila kabla hamjaanza naomba mtu mmoja, mmoja tu, anieleze kosa langu lilikuwa nini, kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka siku ile nakasirika upya na chai inanishinda.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mnaikumbuka, kila kitu kinauzwa. Maghala yaliuzwa, viwanda viliuzwa, matajiri wa kutoka mbali wakawa wanaingia vijijini na mizani zao kununua korosho hadi uani kwa watu, na aliyeuza kiwanda kizima alipigiwa makofi mkutanoni akapewa na soda. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda cha kompyuta cha Bakari pale Masasi mjini, nachapa kadi za harusi za watu wengine, huku harusi yangu mwenyewe ikisubiri kauli ya mtu mmoja, Mzee Chilumba wa Newala, mjomba wa mchumba wangu Somoe. (Kwetu baba anaweza kukubali mpaka akachoka, mjomba asipoitikia hakuna ndoa.) Akiitikia, ningehamia ukweni na kukabidhiwa shamba la mikorosho la ukoo nilitunze mimi na Somoe. Nilimtaka Somoe, na shamba pia nililitaka, sitaficha.

Basi Mjomba akashuka na lori la korosho kuja kumtazama huyo anayeposa. Nikampa shikamoo yenye adabu zote, akaitika marahaba, akakaa kwenye stuli, akasema, "Endelea, baba. Nimekuja kuona unavyofanya kazi."

Ningechapa barua tu, mambo yakaisha! Lakini nikajiona mjanja, nikasema mzee huyu nimwonyeshe kitu hajawahi kukiona, nikafungua gemu. Ni lile la wafalme wa zamani wa Ulaya, una ramani kubwa, unapewa ufalme wako unauendesha kwa karne nzima, unakusanya kodi, unalipa askari, unaposa mabinti wa wafalme wenzio. Na majimbo yake unaweza kuyabadilisha majina, kwa hiyo nikataka kumfurahisha mgeni, jimbo moja la bondeni nikaliita Masasi, la jirani yake Lupaso, na lile la juu kabisa, la milimani, nikaliita Newala.

"Hiyo ndiyo Newala yetu?" Mjomba akauliza, akisogeza stuli.

"Ndiyo yenyewe, Mjomba. Mimi ndiye ninayeitunza."

Alifurahi mzee wa watu, jamani, mpaka nikaanza kuinusa mikorosho. Watu waliokuja kutoa fotokopi wakaacha karatasi zao wakajaa nyuma yetu, na Bakari mwenye kibanda (mtani wangu, mdomo wake hauna mlango) akajipa kazi ya kuwatafsiria Kiingereza cha kwenye skrini.

Sasa hazina yangu ikakauka, askari wakadai mshahara, na papo hapo mfalme jirani akaleta ujumbe kwamba yuko tayari kuinunua Newala kwa dhahabu nyingi. Nikawaza, hapa ndipo Mjomba atakapoona kwamba mkwe anajua biashara. Na kweli lile jimbo lilikuwa halileti kodi ya maana, kwa hiyo nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, "Hili kavu tupu, hata halinifaidii, bora liende." Nikabonyeza.

Kisha Bakari akaanza, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Heshima ya mfalme imeshuka!"

"Acha hizo," nikasema.

"Masasi wameasi, wanasema leo kauza wenzao, kesho atawauza wao! Lupaso nao wameasi!" Akavuta pumzi, mshenzi yule. "Na mfalme wa kusini amevunja uchumba, hampi binti yake mtu anayeuza nchi!"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikapandwa na hasira, nikaanza kugombana na kompyuta mbele ya kadamnasi, "Nimeuza changu! Kwa hiari! Tena kwa bei nzuri!" Nikajaribu kurudi nyuma, gemu lenyewe linajihifadhi kila hatua, halirudi. Nikaomba umeme ukatike. Masasi yetu hii, ambayo umeme unakatika mtu akichomeka pasi, siku hiyo taa ziliwaka kama sikukuu!

Mjomba hakucheka. "Uliwauliza?" akasema.

"Nani, Mjomba?"

"Wenyewe. Watu wa hapo Newala."

"Mjomba, hao ni wa kwenye mashine."

"Mashine imeona waulizwe. Wewe hukuona." Akasimama, akavaa kofia yake. "Kaka yake Somoe aliuza mikorosho ya bibi yake kwa tajiri, hakumwambia mtu. Leo anaokota korosho kwa kibarua chini ya miti ile ile. Kwa hiyo irudishe kwanza hiyo Newala, baba, halafu tutazungumza."

Jamani, hiyo ni haki? Waliouza viwanda wamekunywa soda, mimi wa jimbo la kwenye skrini nanyimwa mke! Lakini ningefanyaje? Nilipokwisha kuwatuliza waasi, kila baada ya kazi nilikaa pale kumbembeleza yule mfalme aniuzie. Nikampa dhahabu yote niliyopokea, akakataa. Nikaongeza, nikampa na meli, nikampa na Lupaso, akakataa, kumbe mwenyewe anaijua adhabu ya kuuza na hataki hata kusikia bei. Nikapigana naye vita, nikapoteza na Masasi. Na huko juu Newala kinamama wa kisimani walikuwa wananiita Bwana Dalali, Somoe akawa anachota maji huku ameinamisha uso.

Hilo la Somoe ndilo lililonipandisha Newala. Nikamkuta Mjomba anapuliza salfa, dawa ya mikorosho, nikamwambia ukweli kwa hasira na aibu pamoja, "Mjomba, hairudi. Nimetoa kila nilichonacho, hairudi."

Akazima mashine ya kupulizia. "Basi hilo ndilo nililotaka ulijue wewe," akasema, "shemeji yako alilijua amechelewa." Na ndoa akaitikia pale pale.

Somoe nilimpata. Shamba lakini liliandikwa kwake peke yake, na adhabu yangu haina mwisho, maana kila kikao cha ukoo nikifungua mdomo, hata nikitaka kusema tu tukate matawi makavu, Mjomba anainua mkono na kuniuliza mbele ya watu wote, "Unauza nini leo, mkwe?" na wa kwanza kucheka ni mke wangu. Sijakubali na sitakubali! Ila nimeapa, nikicheza tena gemu lile, kila jimbo nitaliita jina langu mwenyewe, ili nikiuza nijiuze mimi, tuone nani atakayekuja kudai.