Vyura Wawili, Mfuko Mmoja

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, Mwingereza akiwa bado anatawala, nilipokaribia kumpa chura kwao kusiko kwake. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwandiko wangu ukisifiwa kuanzia Usa River mpaka mjini Arusha, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nilimfanyia kazi Mzungu mmoja aliyekusanya vyura wa Mlima Meru kwa ajili ya jumba la makumbusho la kwao. Mimi niliwakamata na kuwaandikia vikaratasi: amepatikana wapi, siku gani. Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyehamia mjini siku nyingi, aliwafunga kikaratasi mguuni kwa uzi, kisha akawatia kwenye chupa ya spiriti wasioze.

Siku hiyo nilikamata mmoja kwenye kijito cha msituni, juu kabisa, na mwingine kwenye kinamasi karibu na Usa River. Mfuko mmoja ulichanika njiani, nikawatia wote wawili katika ule mwingine. Wote wadogo, wote kahawia. Nilipofika mezani sikujua yupi ni yupi, nikabahatisha, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Mzee Athumani aliniona nikisita.

“Una hakika?”

“Mzee, nani atajua? Ni chura tu.”

Akaweka uzi mezani. “Kijana, huyu akishaingia chupani hana wa kumsemea ila hicho kikaratasi. Watakuja watu ambao hawajazaliwa, wasome ulichoandika, wakuamini. Utawapotosha wote?”

“Nikisema sijui, Bwana atanifukuza.”

“Huenda. Lakini uongo mimi siufungi.”

Niliumia, mwanangu. Mama yangu alikuwa akijisifu sokoni Tengeru kwamba mwanawe anashika kalamu, na sasa niliona kalamu yenyewe inaniponyoka. Kisha nikavichana vikaratasi, nikaandika vipya viwili vilivyofanana: “Msituni au Usa River. Sijui.”

Mzungu alisoma, uso ukamwiva. Hakunifukuza. Alinirudisha mlimani kwa miguu, peke yangu, nisishuke bila chura. Siku ya tatu, nimelowa chapachapa, nikampata mmoja kijitoni. Nilimwandika palepale, nimepiga magoti majini, kwa penseli. Tangu siku ile Mzungu hakuniuliza kamwe kama nina hakika. Mzee Athumani alikifunga kikaratasi changu mara moja, na hilo lilinifurahisha kuliko sifa zote za mwandiko.

Sasa umepata kazi kwenye zahanati ya Oldonyo Sambu, na kadi za wagonjwa utaziandika wewe. Andika mgonjwa akiwa bado mbele yako, usingoje kukumbuka jioni. Usipojua, andika kwamba hujui, kisha nenda ukatafute. Wakubwa watanuna, waache wanune. Wale vyura wawili wako ng'ambo mpaka leo na “sijui” yangu miguuni, wala sioni haya. Yeyote atakayewasoma, sikumdanganya.

Nenda, mwanangu. Mungu aushike mkono wako unapoandika, akupe kifua cha kukiri usilolijua, na wanaokuja kwako wakiugua warudi makwao wazima.