Jino la Saba la Kitana cha Lusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu cha vitana vya mti na kukatazwa kugusa maji. Niliyemfanyia kazi alikuwa mpambaji wa maharusi mtaa wa Kanyenye, hapa mjini Tabora. Wote tulimwita Bi Fundi, hata mume wake.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba. Hebu nione kucha." Akaigeuza mikono yangu kama anayenunua viazi. "Hizi za kukwangulia ukoko. Zikate kwanza. Sasa sikiliza, Siwema. Kitana cha mti hakiogeshwi, kinafutwa. Atakayekiogesha namrudisha kwa mama yake."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilidhani kusafisha kitana ni jambo la dakika moja. Kwa Bi Fundi lilikuwa jambo la siku mbili. Kwanza unakisafisha kikavu: unazungusha uzi wa kushonea kwenye shina la kila jino na kuuvuta huku na huku mpaka taka zitoke. Nywele zinazotoka hazitupwi. Tulizikunja kwenye karatasi yenye jina la mwenyewe na kumrudishia mkononi. Nilipouliza kwa nini, Bi Fundi alisema, "Zikiokotwa na asiyekutakia mema," kisha akaendelea na uzi wake. Kwa hiyo katika kazi hii nilifundishwa woga kabla ya kufundishwa sabuni.

Baada ya uzi unatumia kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa sawasawa. Unafuta jino moja moja na kulikausha hapo hapo. Kitana kinalala kivulini juu ya kanga mpaka kesho yake, ndipo unakipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nyonyo, kidogo sana, na kukisugua hadi kitambaa kisitoke na mafuta. Mwisho unapitisha ukingo wa ushungi mwepesi kwenye meno. Ukinasa hata uzi mmoja, jino hilo lina ukwaru, nawe unauondoa kwa msasa laini. Mti ukilowa huvimba, ukikauka kwa haraka hupasuka. Elimu yenyewe ndiyo hiyo, na niliijua vizuri. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye kijijini Lusu sina wa kumsingizia.

Baada ya miaka miwili Bi Fundi alinipeleka Nzega kwa mshirika wake, mwanamke tuliyemwita Msimamizi. Huyu alikuwa mtu wa simu sikioni na neno moja mdomoni: fanya haraka. Baada ya mavuno harusi zilifuatana, na siku moja akanituma peke yangu Lusu, kwenye nyumba ya wakulima, nikamwandae bi harusi aitwaye Kabula. Yeye Msimamizi angefika siku ya harusi.

Nyumba ile ilikuwa na kitana cha ukoo. Nyanya yake Kabula, ambaye kila mtu pale alimwita Bibi, alinieleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi na alikibeba ndani ya mzigo wake njia nzima kutoka pwani. Kilikuwa cheusi, kizito, kimeng'aa kwa mafuta ya vichwa vya watu waliokwisha kufa. Ukoo wao una desturi. Bi harusi huchanwa na nyanya yake mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Kitana kikipita salama, vigelegele. Jino likikatikia nywelini, wanawake husimama na kuondoka bila kusema neno, na harusi husubiri mpaka wazee wakae kikao.

"Limewahi kukatika?" niliuliza.

Bibi alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni, alikokaa mdogo wake akichambua choroko. Walimwita Bibi Mdogo. Lilimkatikia yeye. Wazee walikaa, upande wa bwana haukurudi, na amezeekea katika nyumba ile ile aliyozaliwa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, harusi Jumamosi. Nikiwa naanza na uzi nikamwona mtoto wa nyumba ile ana mapunye kichwani, nikaambiwa kwamba juzi alichanwa kwa kitana hicho hicho. Nikampigia Msimamizi.

"Chemsha maji, ukimwagie," alisema. "Sitaki bi harusi mwenye mapunye."

"Lakini ni cha mti, Msimamizi."

"Siwema, nina maharusi wanne. Mwagia."

Spiriti kidogo kwenye kitambaa ingetosha, na duka halikuwa mbali. Lakini nilimwogopa yule mwanamke, na nikaogopa mapunye, na katika hofu mbili mtu husahau aliyofundishwa. Nikakiweka kwenye beseni na kukimiminia maji yanayotokota. Kikalia mara moja tu, kama mtu anayefyonya kwa mbali.

Jino la saba kutoka kushoto lilikuwa na ufa shinani, mwembamba kama unywele. Sikumwambia mtu. Niliuziba kwa nta niliyoichanganya na vumbi la mbao, nikasugua mpaka hata mimi nikawa siuoni. Lakini nilijua upo.

Ijumaa nilishinda ndani na kitana. Kila nilipotoka nje nilimkuta Bibi Mdogo mlangoni na ungo wake, nikapita nikiangalia chini.

"Kitana changu kiko wapi?" Bibi aliuliza.

"Kinapumzika, Bibi."

"Kimelima wapi hata kipumzike?" Wanawake wakacheka. "Wewe ndiye wa kupumzika. Una uso wa mtu aliyeficha kuku wa jirani."

Jumamosi asubuhi Msimamizi alifika, akaniuliza mlangoni bila kusimama, "Kitana salama?"

"Salama," nikajibu.

Ua ulijaa. Kabula alikaa kwenye mkeka, nywele zake nyingi zimefumuliwa. Bibi alikipokea kitana, akakinusa. Nta ilikuwa nyingi mno. Akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye meno, moja baada ya jingine, taratibu. Kwenye la saba ukucha ukasimama. Akaniangalia. Nikashika nguzo ya nyumba.

Kisha akaanza kuchana. Alikilaza kitana upande, akachana kwa meno ya kulia tu, nywele kidogo kidogo, hata wanawake wakaanza kunong'ona.

"Bibi leo una madaha," mmoja akasema.

"Mjukuu ninaye mmoja. Mwenye haraka akapike."

Nilihesabu kila mpito. Vigelegele vilipopigwa nilikuwa nimejiuma mdomo hadi damu.

Baadaye aliniita nyuma ya ghala la mahindi, akaniwekea kitana mkononi. "Nenda nacho. Siku ukipata mdomo, ukirudishe." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Asante, Bibi."

Sikurudi Nzega. Nilipanda basi hadi Urambo, kisha Ulyankulu, nikafanya kazi kwa msusi mmoja mwenye asili ya Burundi aliyewaandaa mabinti wa komunyo ya kwanza. Alinipenda, lakini msimu wa pili nikaondoka. Nikaenda Ujiji, nikarudi Tabora, nikakaa Mtendeni, nikaondoka tena. Nimepita karibu njia yote ya wapagazi, nami nilikuwa na mzigo mmoja. Kila Ijumaa nilikitoa: uzi, kitambaa, kivuli, nta. Na kila harusi niliyoandaa, hata kwa vitana vya plastiki, sikio langu lilingoja ule mfyonyo.

Sasa nina miaka arobaini na miwili na vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo kazi nimeiacha. Nyinyi mnaoianza nimewaandikia namna ya kutunza kitana, na hayo mtayashika. Neno moja naliongeza: ukikipasua, sema siku hiyo hiyo. Hofu ya kusema ni ya siku moja. Ile nyingine mimi nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka huu baada ya mavuno nilisikia kwamba binti yake Kabula anaolewa. Nikaenda Lusu siku ya kuchanwa kwake. Wanawake walikuwa uani, na Kabula, sasa mama mtu mzima, alinitazama.

"Mwangaluka," nikasalimu.

"Mwangaluka. Wewe ni yule wa kitana."

Bibi alikwisha kufariki. Nikakifungua kitana mbele yao wote, nikasema: nilikimwagia maji ya moto, nikaziba ufa, nikadanganya, na huyu Kabula alichanwa kwa kitana kibovu. Nilikuwa tayari kuona wanawake wakisimama.

"Bibi alituambia jioni ile ile," Kabula akasema. "Alisema utarudi, na usipewe chai mpaka uyaseme."

Mlangoni, palepale pa zamani, Bibi Mdogo alikuwa na ungo wa choroko. Alikuwa mdogo sana sasa, macho yamefifia. Akanyoosha mkono.

"Jino gani?"

"La saba, Bibi. Kutoka kushoto."

Akalitafuta kwa kidole, akihesabu moja moja. Akalishika kwa vidole viwili, akalikata. Ulikuwa mfyonyo ule ule. Nikafumba macho.

"Haya," akasema, akilidondosha jino kwenye maganda ya choroko. "Sasa hakuna la kukatika. Mchaneni mtoto."

Nilipofumbua macho hakuna aliyekuwa amesimama. Kabula alikuwa ananishikisha kitambaa na kipande cha msasa.

"Hapo palipokatika pana ukwaru," akasema. "Au umesahau kazi?"