Nafasi Imekaliwa

"Kama mimi niko hapa nje, huyo aliyekaa humo ndani ni nani?"

Aliyeniuliza alikuwa mama wa kaunta, kwenye duka la dawa za mifugo na mbegu nililofanyia kazi Mpanda mjini. Skrini mbele yake ilikuwa imeandika kwamba nafasi ya tawi la Mpanda imekaliwa na mtumiaji mwingine, na jina la mtumiaji huyo lilikuwa la kwake yeye mwenyewe. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyetoka Usevya kufuata dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliinama juu ya kaunta akaisoma.

"Mama, si umwambie anyanyuke? Sisi tuna ng'ombe wanasubiri."

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Mimi ndiye niliyeajiriwa kujua mambo hayo, nina digrii ya kompyuta, nami nikacheka nao.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Nsemulwa, hapohapo Mpanda, kwa mama yangu, ambaye alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe "anasubiri kuitwa." Hakuna aliyekuwa ananiita. Kwa hiyo kampuni ile ilipotangaza inatafuta mtu wa kusimamia mfumo mpya tawi la Mpanda, mkataba mfupi, nilikwenda. Nilimuuliza meneja maswali mengi kwenye usaili kuliko aliyoniuliza yeye. Akaniambia, "Wewe dada una mdomo. Lakini hakuna mwingine aliyeomba."

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Zamani kila tawi lilikuwa na kompyuta yake, na programu ya mauzo ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Makao makuu Dar es Salaam wakaamua kuziondoa zote. Badala yake tukaletewa kiboksi kidogo kama king'amuzi cha televisheni, kisicho na chochote ndani, kikaunganishwa na skrini na kibodi. Programu ilikaa kwenye seva, kompyuta moja kubwa iliyo huko Dar es Salaam. Ukibonyeza herufi Mpanda, kiboksi kinaipeleka kule. Kule kazi inafanyika, kisha unaletewa picha ya kilichotokea.

Mama wa kaunta alilielewa hilo upesi.

"Kwa hiyo ni kama mpira kwenye televisheni. Mechi iko huko, sisi tunaona picha."

"Ndiyo mama. Ila hapa wewe ndiye unayepiga mpira."

"Nikiwa Mpanda?"

"Ukiwa Mpanda."

"Mh," alisema, akavaa miwani.

Alikuwa mzaliwa wa Mishamo, mtoto wa wakimbizi waliotoka Burundi, na uraia wake aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kaunta ile aliishika tangu duka linafunguliwa. Mfugaji alikuwa akieleza ng'ombe anavyotembea, naye anakwenda rafu anayoitaka bila kugeuza shingo. Binti yake wa mwisho alikuwa chuo cha uuguzi Sumbawanga, na ada yake ilitoka kwenye kaunta hiyo, hakuna kwingine. Nalieleza hili mapema kwa sababu kijana aliyetumwa kutoka makao makuu kutufundisha alilisema jambo moja kwa uchangamfu mno, kana kwamba anatupa zawadi: msimu ule ulikuwa wa majaribio, na mwisho wake kila karani angepimwa kwa namna anavyoutumia mfumo. Atakayeshindwa, mkataba wake hautaendelea.

"Mtandao ukikatika?" nilimuuliza.

"Hautakatika. Tumeweka laini maalumu."

"Umewahi kukaa Mpanda?"

"Nimefika jana."

"Basi subiri mpaka jioni."

Meneja akanikanyaga mguu chini ya meza. Jioni yake umeme ulikatika, jenereta ya duka ikagoma, na yule kijana akasema kwamba hilo sasa ni suala la umeme, si la mfumo. Kesho yake akaondoka. Alikuwa mtu mpole, alituachia hata peremende.

Mtandao ukikatika, picha haiondoki. Hilo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Kompyuta ya zamani ikiharibika ilizima, au ikapiga kelele, ukajua. Hii ilibaki na picha yake nzuri, jina la mteja, orodha ya dawa, kila kitu mahali pake, na kumbe huko nyuma hakuna mtu. Mama alikuwa akiandika juu ya picha iliyokufa. Anaandika mauzo yote, anageuka kuchukua mzigo, anarudi, anakuta skrini iko vilevile. Wakati mwingine herufi alizoandika zilikuja zote kwa pamoja mtandao uliporudi, zikamwagika kwenye kisanduku kisicho chake. Siku moja namba ya dawa ya minyoo iliingia mahali pa idadi, na mfumo ukatangaza kwamba tumeuza dawa ya minyoo ya kutosha ng'ombe wa Katavi nzima na wa Rukwa juu yake.

"Leo nimeuza!" mama alisema. "Mwambieni bosi anipandishe cheo."

Nilimfundisha kuangalia saa ndogo kwenye kona ya skrini. Dakika zikitembea, picha ni hai. Zikisimama, aache kuandika. Ikawa tabia ya duka zima. Mtu anaingia, anasalimia, "Shikamoo mama," naye anaitikia marahaba huku macho yako kwenye kona ile. Wateja wa mara kwa mara wakaanza kumuuliza, "Inatembea?" "Haitembei." Basi wanakaa kwenye benchi nje, wanapiga soga mpaka waitwe.

Halafu kulikuwa na suala la nafasi. Kampuni ilinunua ruhusa ya mtumiaji mmoja kwa kila tawi dogo. Ukikatika ulipaswa kurudi palepale ulipoachia, lakini kwetu haikuwa hivyo. Mtandao ukirudi ulipewa mlango mpya, na mlangoni unaambiwa nafasi imekaliwa. Yule uliyekuwa kabla ya kukatika alibaki ndani kwenye seva, hafanyi kitu, ameshikilia kiti. Ili uingie, ilibidi upige simu Dar es Salaam wamtoe.

Mama alipiga simu hiyo mara nyingi kiasi kwamba vijana wa huko walimjua kwa sauti.

"Kaka, naomba unitoe."

"Nikutoe wapi, mama?"

"Humo ndani mwenu. Nimekaa tena."

"Sawa mama, unaonekana. Umekaa muda mrefu kweli leo."

"Basi nitoe niingie, kuna watu hapa."

Alikuwa akicheka anapoanza. Baadaye hakucheka. Hatukuruhusiwa kuuza chochote nje ya mfumo, na mtu aliyetoka Karema na pikipiki kufuata chanjo ya kuku haelewi kwa nini chanjo iko kwenye friji, anaiona, na hauziwi. Wengine walitukana. Mmoja alisema kwa sauti, "Ndiyo shida ya kuweka wazee kwenye kompyuta," na mimi nikamjibu vibaya, na mama akanishika mkono akaniambia niache.

Nilimwona anabadilika. Akawa anabonyeza kitufe kimoja, anatazama saa, anabonyeza kingine. Mtu aliyekuwa haangalii rafu sasa alikuwa haangalii wateja. Mfugaji alikuwa akieleza ngozi ya ndama ilivyo, na mama anaitikia "eeh, eeh," macho kwenye kona. Nilijiuliza kama huo ndio ufanisi tulioahidiwa, na niliuliza kwa sauti, kwa meneja, kwa vijana wa simu. Kwa nini programu isikae hapa? Kwa usalama. Usalama wa nani? Wa data. Nikauliza kama data yenyewe ingekuwepo bila mtu wa kuiandika. Wakaniambia nitume barua pepe.

Nilirekodi video kwa simu yangu: skrini imesimama, saa ya kona imesimama, saa ya ukutani inatembea, wateja watano wanasubiri, mama amesimama mikono imening'inia. Nikawatumia makao makuu kwa WhatsApp. Ilikaa na ile alama ya kuzunguka siku nzima, nikaifuta nikatuma upya, ikazunguka tena.

Msimu ulipoisha tuliitwa kwenye ofisi ya meneja. Simu iliwekwa mezani, sauti ya juu. Upande wa pili alikuwa bwana mmoja wa makao makuu ambaye hatukuwahi kumwona, mwenye sauti ya kistaarabu.

"Nimeipitia ripoti ya matumizi," alisema. "Mama yetu anaingia asubuhi, anakaa kwenye mfumo mpaka kufunga, na sehemu kubwa ya muda huo hafanyi chochote. Hakuna mauzo, hakuna herufi hata moja. Ndiye wa mwisho kati ya matawi yote."

"Mtandao unakatika," nikasema.

"Nani huyo anaongea?"

"Mimi, wa mfumo."

"Dada, mtu akikatika anakuwa hayupo. Huyu ripoti inaonyesha yupo. Yupo, ametulia."

"Hakutulia. Alikuwa kaunta anahangaika kuingia."

"Sasa aliingia au hakuingia? Maana huwezi kusema hajaingia na huku yuko ndani."

Meneja akakuna kidevu. Nilisema tawi la Mpanda halilingani na la mji wenye mtandao mzuri kama Morogoro. Bwana yule akasema mfumo ni uleule. Nikasema nina video. Akasema niitume, nikasema nimeituma, akasema hajaiona. Hiyo ilikuwa kweli.

Kisha mama akasogea karibu na simu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Baba, mimi miguu yangu imevimba kwa kusimama. Hapo kwenye ripoti hakuna mahali panapoonyesha?"

"Mama, tunakushukuru sana kwa utumishi wako," alisema bwana yule.

Mkataba wake haukuendelea. Hakukuwa na ugomvi. Alikabidhi funguo, akanionyesha namna friji ya chanjo inavyotaka kufungwa kwa goti kwa sababu mpira wa mlango umechoka, akaaga. Wafugaji waliendelea kumuulizia kwa muda, halafu wakaacha. Aliletwa binti wa umri wangu mwenye cheti cha kompyuta, mwepesi wa vidole, na wiki yake ya kwanza nilimsikia akisema kwenye simu, "Kaka, naomba unitoe." Nilikwenda nje nikasimama kando ya benchi la wateja mpaka amalize.

Video yangu ilifika. Niliona tiki mbili siku moja asubuhi, muda mrefu baada ya yote. Hakuna aliyeijibu.

Mama alirudi Mishamo kulima mahindi na maharage. Binti yake aliacha chuo Sumbawanga kabla ya mtihani wa mwisho. Nilisikia yuko na mama yake, halafu nikasikia ameolewa. Nilikutana na mama mara moja tu, sokoni Mpanda, ameketi nyuma ya gunia. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza kama wameshabadilisha ule mpira wa friji. Nikamwambia bado. Alisikitika kweli, akaniambia chanjo itaharibika na kuku wa watu watakufa. Nilitaka tuzungumze lile jingine, la ripoti, nimwambie niliendelea kulipigania, lakini sikuwa nimeendelea, na yeye alikuwa anampimia mtu maharage. Nikaondoka.

Mkataba wangu nao uliisha. Nilihangaika, nikapata kazi Dodoma kwenye kampuni nyingine kabisa yenye seva ya aina ileile, safari hii upande wa pili: mimi ndiye nikawa nakaa karibu na seva, na matawi ndiyo yananipigia. Ni kazi ya kawaida. Mtu anapiga kutoka mahali fulani mbali, anaeleza, natafuta jina lake kwenye orodha, namtoa. Siulizi tena maswali mengi. Ukiuliza unajibiwa, na jibu halibadilishi kitu.

Huko ndiko nilikoona orodha ile kwa mara ya kwanza kutoka ndani. Mbele ya kila jina seva inaandika hali ya mtu huyo, na inaandika yenyewe bila kuambiwa na mtu. Aliyeunganishwa lakini ametulia ana neno lake. Aliyekatika, kiti chake kikabaki, ana neno jingine, na muda wa kila hali unahesabiwa peke yake, tangu hali hiyo inapoanza. Ili watu hao wawili waonekane mmoja kwenye ripoti, kama ilivyokuwa kwa mama, lazima mtu akae chini achague kujumlisha muda wao.