Sahani Tupu

Nyumbani kwao walimwita Sahani Tupu. Baba yake, shangazi zake na kaka yake, kila aliyevuka miaka ishirini aliota vipele vyeupe puani na mashavuni, vidogo na vigumu kama punje. Mchele wa ukoo, walijivunia. Uso wake yeye ulibaki laini.

"Wewe tulikuokota sokoni," kaka alimtania. "Sahani gani hii, hata punje moja?"

Alicheka naye, kisha akiwa peke yake kwenye chumba cha cherehani alijipapasa pua mbele ya kioo.

Kaka akafa kwa saratani ya figo. Miaka yote madaktari walimpa dawa za chunusi, na hakuna aliyewahi kumuuliza marehemu baba yao alikufa kwa ugonjwa gani. Daktari wa mwisho ndiye aliyemtazama usoni kabla ya kutazama picha za tumbo. Alisema vipele vile na uvimbe ule wa nadra huenda vina chanzo kimoja: hitilafu kwenye jeni, ambayo mzazi anaweza kumrithisha mwanawe. Ndugu wapimwe.

Sahani Tupu alipimwa. Hakukutwa nayo.

"Hata kidogo?" aliuliza.

Muuguzi, akidhani hajaelewa, akamrudishia pongezi upya.

Aliyekataa kupimwa ni binti pekee wa kaka. Jioni moja alikuja kwa Sahani Tupu, shangazi yake, kupunguziwa gauni. Shangazi akamwinua kidevu apime shingo, na taa ikamulika punje tatu kando ya pua.

"Nimeshaziona," binti alisema. "Nafanana na baba sasa, eti?"

"Unafanana naye."

Kidole gumba cha shangazi kilibaki shavuni pake. Alitamani kisiondoke.

"Kesho twende hospitali," alisema.

"Shangazi, si nilisema sitaki? Nikijua, nitafanya nini?"

"Watakuwa wanakupiga picha za figo mara kwa mara. Kitu kikianza, wakione kingali kidogo. Baba yako walimwona kimeshaenea." Akatia pini mdomoni, akaitoa tena. "Sura yake imebaki kwako tu, mwanangu. Mimi sikupewa."

Binti akageuka kioo kimwone ubavu.

"Haya. Lakini unishike mkono, Sahani Tupu."

Tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo. Aliinamia pindo, pini zimejaa mdomoni, asiweze kuitika.